Kiroba cha Viatu

Nyie mnaokagua tiketi siku hizi kwa mashine ya mkononi, mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Binti mmoja wenu akaniambia, "Andika tu kama unavyoongea, mzee, sisi tutanyoosha." Msininyooshee kitu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwenye njia hii ya Mpanda kwenda Tabora nimekagua tiketi miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu, na hakuna mwenye diploma aliyewahi kunikuta nimekosea behewa.

Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nataka kusema habari ya kituo kimoja kidogo na safari moja fupi. Mkikaa kwenye njia hii mwezi mmoja tu, watu wa Gengeni watawasimulia. Heri mnisikie mimi kwanza.

Nimezaliwa Mwamkulu, baba yangu Mkonongo, mkulima wa mahindi. Stesheni ya Mpanda nilianza kwa kubeba magunia na ndoo za asali za watu. Hakuna mjomba aliyenipigia simu, hakuna mkubwa aliyenishika mkono. Kutoka kwenye magunia nikaingia kufagia mabehewa, na kutoka kwenye ufagio nikapewa koleo la kutobolea tiketi. Nyumba yangu ya Shanwe, ile yenye geti la bluu, nimeijenga tofali kwa tofali, na akija mgeni lazima nimzungushe mpaka alione tangi la maji, hata kama amekuja kuomba chumvi. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana kasoro hiyo. Na ana nyingine kubwa zaidi: akibuni jambo, anadhani dunia nzima ilikuwa imelala ikimsubiri yeye.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sikazwe, Mfipa mrefu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake yote. Siku ya kwanza nilivaa suruali ya yunifomu iliyokuwa ya mtu mwingine, nimeikaza kwa kamba. Mzee akanisimamisha kwenye behewa la kwanza, treni iko mwendo, akasema nitembee mpaka la mwisho bila kushika kiti. Alinieleza kwamba mkono ukishika kiti, abiria anajua wewe ni mgeni, na hapo ndipo anapoanza kukudanganya. Ukanyage kisigino kwanza, magoti yawe malegevu, macho yako mbele. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili nilikalia tenga la kuku, na mwenye tenga akaniuliza kama na mimi nimekuja kutaga.

Kuhusu koleo, hata kama hamlitumii tena, mjue. Kila koleo lilikuwa na tundu lake. La kwangu lilitoboa nusu mwezi, na ukinionyesha tiketi yenye nusu mwezi leo nitakuambia ni yangu. Nililipaka mafuta ya kupikia, si oili ya injini, kwa sababu oili inachafua tiketi na abiria anapata la kusema. Hilo nalo ni la Mzee Sikazwe. Mambo yangu mengi mazuri ni ya Mzee Sikazwe. Hili ninalokuja kusimulia ni langu peke yangu.

Gengeni ni kituo cha kwanza ukitoka Mpanda, upande wa Litapunga. Zamani genge la wafanyakazi wa reli lilipiga kambi pale, jina likabaki. Jukwaa lake ni fupi, mabehewa mawili tu yanaenea, mengine yanabaki juu ya kokoto na nyasi. Treni inasimama dakika mbili. Mtu wa Mpanda kwenda Gengeni hata hajamaliza kula muhogo wake, ameshafika. Sisi wa kwenye treni tuliwadharau watu hao. Tuliwaita abiria wa kuonja.

Mzee Sikazwe hakuwaita hivyo. Kabla treni haijaondoka Mpanda alipita, akawatafuta wa Gengeni mmoja mmoja, akawahamishia kwenye behewa la pili na la tatu ili washukie jukwaani. Tukikaribia, alikwenda mwenyewe mlangoni akasimama. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kwa watu wa kituo kimoja wakati daraja la pili kuna wafanyabiashara wanamsubiri. Akanijibu, "Wa Tabora akikosa treni atapanda basi. Masika korongo likijaa, huyu wa Gengeni ana nini? Hii treni ndiyo mguu wake." Nikaitikia ndiyo mzee. Kuitikia ni rahisi.

Alipostaafu akarudi kwao Ufipa, na mimi nikabaki mwenye treni.

Sasa, kati ya wale wa Gengeni walikuwapo wajanja. Mtu ananunua tiketi ya kituo kimoja, tukifika anajificha chooni au chini ya kiti, anaendelea mpaka Tabora. Siku moja mkaguzi mkuu alipanda njiani bila taarifa, akawatoa wanne kwenye mabehewa yangu, wote na tiketi za Gengeni, na Gengeni tulishaiacha mbali. Alinisema mbele ya abiria kama mtu anavyomsema mbwa aliyekula mboga. Mimi, niliyejijenga tofali kwa tofali. Nilikosa raha wiki nzima, kisha nikapata akili.

Akili yenyewe ilikuwa hii. Kila abiria wa Gengeni akipanda, anavua kiatu kimoja ananipa. Natia kwenye kiroba, nakitundika msumarini karibu na mlango wa behewa la sita, nafunga mdomo kwa waya ili wasijichukulie. Tukifika Gengeni nasimama mlangoni, kila mtu anachukua chake anashuka. Nani atakwenda Tabora na kiatu kimoja? Na kwa kuwa kiroba kiko behewa la sita, wote nikawaweka behewa la sita, mbali na jukwaa, wawe wanarukia kwenye kokoto.

Ilifanya kazi, siwadanganyi. Watu walicheka mwanzoni. Akina mama wa maharage walikuwa wakipanda wananiuliza, "TT," ndivyo walivyotuita wakaguzi, "leo duka limefunguliwa?" na mimi nawajibu lete mzigo tuone. Waliniita Bwana Malapa. Malapa, yeboyebo, katambuga za matairi, raba, vyote vilipita mikononi mwangu. Nilijisifu kwa kila aliyekaa kunisikiliza. Sikujiuliza kwa nini wale akina mama, baada ya kucheka, walikuwa wanakaa wamekunja ule mguu mtupu chini ya kanga.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Korongo lilijaa, barabara ikakatika, hata bodaboda hazipiti. Treni ya mchana ilikuwa imejaa mpaka milangoni. Nikiwa na kiroba changu, akapanda mzee mmoja Msukuma, jina lake Masanja, mfugaji aliyehamia kwetu Mwamkulu na ng'ombe wake. Tulifahamiana kwa sura. Siku zote nilimwona na katambuga na fimbo. Siku hiyo amevaa koti, na miguuni viatu vyeusi vya kamba, vimepigwa kiwi mpaka unajiona.

Nikamwambia, kama tunavyowaita Wasukuma, "Ngosha, lete kiatu."

"Kiatu cha nini?"

"Kimoja. Ukishuka Gengeni unachukua."

Akanieleza kwa upole kwamba anakwenda kumtoa binti yake, Kabula, anayeolewa kanisani Gengeni saa kumi. Mkewe na ndugu walitangulia siku mbili nyuma. Yeye alibaki akitafuta viatu.

"Wote wanashuka Gengeni," nikasema, "halafu tunawakuta Tabora." Watu wakacheka. Waliponichekea nikaongeza lile ambalo nikilikumbuka hata sasa nasimamisha kalamu. "Usihofu, nyie si mmezoea kuchunga pekupeku."

Mjue jinsi neno hilo lilivyomwingia. Familia ya bwana harusi ni Wakonongo wenzangu, watu wa pale tangu babu zao, na ilijulikana kwamba hawakupenda kijana wao aoe kwa wafugaji waliokuja juzi na ng'ombe zao. Ndiyo maana mzee alitafuta viatu. Na mimi nilijua. Mwamkulu nzima ilijua.

Aliinama, akaanza kufungua kamba. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuzoea kamba. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kitu cha maana, akasema, "Ukumbuke tu, si vyangu. Nimeazimwa na mwalimu."

Nikakitupia kirobani juu ya malapa.

Treni ikaondoka. Nikatoboa tiketi haraka haraka, kisha nikaenda daraja la pili, kule mbele, kwa mfanyabiashara mmoja mgeni aliyetaka kujua habari za Mpanda. Nikampa habari za Mpanda, yaani habari zangu. Nilianza na magunia, nikaja kwenye ufagio, nikafika kwenye nyumba. Treni ikasimama. Niliona nyasi dirishani, nikajua ni Gengeni, nikajisemea dakika mbili ni nyingi, ngoja nimalizie la tangi la maji.

Nilishtuliwa na filimbi ya gadi. Nikakimbia, mabehewa manne, watu wamekaa njiani na mizigo yao, na nilishika kila kiti. Nilipofika la sita treni imeshaanza kujivuta. Akina mama wa malapa walikuwa wameruka zamani, wameacha vyao. Mzee Masanja alikuwa amebaki mlangoni anahangaika na waya kwa vidole. Aliponiona aliuacha waya. Aliangalia kiroba, akaangalia nje, akaruka.

Nikachana kiroba kwa koleo, nikaingiza mkono, nikashika kiatu nikakirusha kwa nguvu zangu zote. Kikaenda kikatua kwenye nyasi karibu yake. Ilikuwa yeboyebo ya bluu, ya kike.

Jukwaani walikuwapo waliokuja kumpokea, akina mama na vitenge vya sare, upande wa bwana harusi na upande wa binti. Vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Nilivisikia vikikatika. Mzee alisimama pale kwenye tope, mguu mmoja kiatu cheusi kinang'aa, mguu mmoja mtupu, na hakugeuka kuniangalia. Treni ikakata kona.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama mmoja wa maharage safari iliyofuata, alipokuja kudai lapa lake. Alisema mjomba wa bwana harusi aliuliza kwa sauti, "Tuliambiwa anakuja baba mkwe, mbona ameshuka nusu?" Watu wa kwao wakacheka. Mzee Masanja akavua na kile kimoja, akawa pekupeku kamili, akataka aingie hivyo hivyo. Yule mjomba akampa pole, akamwambia atamtafutia ndala za msalani. Hapo mzee akakataa kuingia. Akasimama nje ya kanisa, dirishani. Kabula aliingizwa na kaka wa mama yake. Baba yake alimsikia akisema "ndiyo" kupitia dirisha.

"Kumbe," nilimjibu yule mama. Hilo tu. Nikampa lapa lake.

Kile kiatu cheusi nilikikuta chini kabisa ya kiroba. Ndani, kwenye vidole, kulikuwa na gazeti limekunjwa likasukumwa, kwa sababu kilikuwa kikubwa kwake. Nikakitia kwenye begi langu nimrudishie. Gengeni nilikuwa napita kwenda na kurudi, na yeye naye akawa anaonekana pale, maana Kabula alikuwa anakaa karibu na reli. Kumpa mtu kiatu chake ni kazi ya nusu dakika, na dakika nilikuwa nazo mbili. Sasa sikieni nilichofanya. Kila tulipokaribia Gengeni niliingia chooni nikajifungia, mpaka treni iondoke. Mimi, niliyewatoa chooni watu wasio na tiketi kwa kuwapigia mlango kwa koleo.

Kiroba nilikiacha kimya kimya. Waliouliza niliwaambia ofisi imepiga marufuku. Haikuwa kweli, ofisi haikujali. Mzee Sikazwe habari zilimfikia huko Ufipa, sijui kwa nani. Akanipigia simu.

"Nasikia umefungua duka la viatu."

Nikaanza kumweleza habari za wale wanne wa Tabora, na mkaguzi mkuu, na jinsi nilivyosemwa. Akanisubiri nimalize.

"Mwenye kiatu umemwona?"

"Bado, mzee."

Akakata. Hakupiga tena, na mwaka uliofuata tukamzika. Nilikwenda. Nilisimama nyuma.

Miaka ikapita, kiatu kikawa juu ya kabati Shanwe. Mke wangu aliwahi kuuliza cha nani, nikamwambia cha abiria. Wageni niliwaonyesha tangi la maji, kabati sikuwafungulia.

Nimestaafu. Juzi mlinifanyia sherehe, mkasema mzee huyu hakuwahi kuchelewesha treni. Kweli. Nikarudi nyumbani na zile sifa, nikakaa nazo, zikawa hazinikai. Siku ya treni nikakishusha kiatu, nikakipiga kiwi, nikakifunga kwenye gazeti, nikaenda stesheni nikanunua tiketi ya Gengeni.

Binti mmoja wenu akaja na mashine yake. Hakunijua, mgeni kazini. "Kituo kimoja tu, mzee wangu? Si ungechukua boda?" Nikamwambia nimependa treni. Akaniambia nisogee behewa la mwisho, hapa wanakaa wa safari ndefu. Nikasogea. Gengeni nikarukia kwenye kokoto, na magoti yangu haya.

Mzee Masanja amezeeka. Ng'ombe amewaachia wanawe, yeye anakaa kwa Kabula. Nilimkuta ukumbini kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Nikatoa shikamoo. Aliniangalia muda, punje mbili tatu zikaanguka, ndipo akasema marahaba.

"TT."

"Ndiyo mzee. Nimeleta kiatu."

Akakipokea, akakifungua, akaingiza vidole ndani akatoa lile gazeti la zamani. Akalishika kwenye mwanga kama anataka kulisoma. Akaniambia kwamba kile kingine alimrudishia mwalimu wiki ile ile, na mwalimu hakugomba, alisema tu kiatu kimoja hakina kazi, akakitupa. "Sasa hiki nikifanyie nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakayeyuka. Akanionyesha kigoda kingine, lakini kabla sijakaa akasema, "Vua kimoja."

"Mzee?"

"Kiatu. Nijue hutapitiliza."

Nikavua. Akakichukua akakitundika ndani kwenye msumari. Soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole kikubwa kiko nje, na wajukuu wake wakaja mmoja mmoja kukitazama. Tukala ugali na maziwa mgando. Mume wa Kabula alikuwapo, akala nasi. Treni ya kurudi hupita asubuhi, kwa hiyo nililazimika kulala pale. Muda wote mzee aliniuliza swali moja tu.

"Zile dakika mbili ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa na kazi. Nikamwambia kweli: nilikuwa daraja la pili, namsimulia mtu habari za nyumba yangu.

Akatafuna, akameza. "Ina vyumba vingapi?"

"Vitano."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anatafuta jibu hilo siku nyingi na sasa amelipata.

Asubuhi niliamka mwenyewe hayupo, ametoka na fimbo yake. Msumarini hakuna kitu. Sikuthubutu kuuliza. Nikatoka kwenda kituoni, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja soksi, kwenye umande, na watu wa Gengeni wanajua kutazama. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Treni ilipofika na kusimama, Kabula akaja anakimbia, mtoto mgongoni, kiatu changu mkononi. Nikampokea, nikaanza kumwambia amshukuru sana baba, na kwamba mimi nimefurahi yameisha.

"Baba hajakusamehe," akasema, hata hajapandisha sauti. "Amesema tu mtu asisafiri na mguu mmoja."

Gadi akapiga filimbi. Nikapanda na kiatu mkononi, nikakaa behewa la mwisho kwa wenzangu wa kituo kimoja. Binti wa mashine akapita, akaangalia mguu wangu, akaangalia pembeni kwa adabu. Nikainama nikaanza kufunga kamba. Tulipoingia Mpanda nilikuwa bado nafunga.